Elimu ya juu ilipoondolewa kwenye orodha: kisa cha viongozi wa wanafunzi na Rasimu ya Katiba ya 2013

Kisa hiki ni cha serikali ya wanafunzi ya chuo kikuu kimoja cha Tanzania Bara. Jina la chuo, mji na majina ya wahusika yameondolewa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Niliitwa kuwezesha baadhi ya vikao vyao, na baadaye wahusika wakaridhia kumbukumbu zao zitumike kufundishia. Ninakitumia kwa viongozi wapya wa vyuo kila suala la Katiba Mpya linapoibuka tena.

Usuli

Rais Jakaya Kikwete alitangaza nia ya kuandika Katiba mpya katika salamu zake za mwaka mpya, 31 Desemba 2010. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ikatungwa 2011. Mwaka uliofuata Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ikaanza kuzunguka nchi kukusanya maoni, na tarehe 3 Juni 2013 Rasimu ya kwanza ikazinduliwa Dar es Salaam. Ilipendekeza serikali tatu, yaani ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika, badala ya mbili zilizopo. Hatua iliyofuata ilikuwa mabaraza ya katiba. Yalikuwepo ya wilaya, na yalikuwepo yale ambayo asasi, taasisi na makundi ya watu wenye malengo yanayofanana waliruhusiwa kujiundia wenyewe, wakaijadili Rasimu na kupeleka maoni Tume kabla Agosti haijaisha. Serikali za wanafunzi ziliingilia mlango huu wa pili.

Chuo chenyewe kilikuwa na mfumo unaofahamika: Rais, Makamu wake, Waziri Mkuu na mawaziri wanaoteuliwa na Rais, Bunge la wanafunzi lenye Spika, na chini yao viongozi wa madarasa, yaani maCR. Muhula wa uongozi ni mwaka mmoja. Vyama vya siasa havina matawi ndani ya chuo, na kwenye karatasi ya kura hakuna mgombea mwenye chama. Lakini kila aliyewahi kusoma chuo kikuu nchini anajua kwamba usiku wa kampeni kuna kundi linalopata nguvu kutoka Seneti ya Vyuo Vikuu ya CCM na lingine kutoka CHASO ya CHADEMA. Hapa nako ilikuwa hivyo. Rais alikuwa wa upande mmoja, Spika wa upande mwingine, na wanafunzi walijua.

Jambo jingine ni bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi 2005, kiongozi wa wanafunzi hupimwa kwa kitu kimoja kuliko vyote: fedha za kujikimu zikichelewa, anafanya nini? Hakuna kati yao aliyechaguliwa kwa sababu ya msimamo wake juu ya Katiba. Na wengi wa waliowachagua hawakuwa wamewatuma kuisemea.

Mwisho, chuo kilikuwa na wanafunzi wengi kutoka Unguja na Pemba, wenye jumuiya yao. Baadhi walisomeshwa kwa mkopo wa Bodi hiyo, ambayo ni ya Muungano, wengine kwa Bodi ya Mikopo ya Zanzibar, ambayo wakati huo ilikuwa changa.

Kilichotokea

Siku chache baada ya uzinduzi, Rais wa wanafunzi alikuwa ameshaandika tamko la ukurasa mmoja na kuwaarifu waandishi wa habari. Tamko lilisema wanafunzi wa chuo wanapinga serikali tatu. Spika akalizuia. Alisema Bunge la wanafunzi halijakaa, Rasimu hakuna aliyeisoma, na kwamba tamko likitoka kwa jina la wanafunzi wote, wa upande wa pili watatoa la kwao kesho yake asubuhi. Waziri mmoja alimwambia Spika usoni kwamba anatumika. Rais na Spika wakanuniana, wakawa wanawasiliana kupitia Katibu.

Mshauri wa wanafunzi naye akawaita ofisini. Hakukataza mjadala. Alitaka apewe taarifa ya vikao kwa maandishi, na asione bendera wala fulana ya chama ukumbini. Baadhi ya mawaziri walilitafsiri hilo kama tishio la utawala. Kwangu mimi lilikuwa jambo lililowasaidia, kwa sababu liliwapa viongozi wa pande zote mbili kisingizio cha kuwaambia makada wao wabaki nje.

Kikao cha kwanza kilijaza ukumbi na hakikuzaa kitu. Wa serikali mbili walisimama wakasema gharama, wakasema Muungano wa Nyerere na Karume utavunjika. Wa serikali tatu wakasimama wakadai Tanganyika yao. Hotuba zilikuwa nzuri, na ungeweza kuzisikia vilevile kwenye mkutano wowote wa hadhara mwezi ule. Katibu wa jumuiya ya Wazanzibari alisimama mara moja tu, akasema wanajadiliwa kana kwamba hawamo ukumbini, kisha akaketi. Giza likaingia bila mtu kufungua ukurasa hata mmoja wa Rasimu.

Kikao kilichofuata kilikuwa kidogo, darasani, na Makamu wa Rais ndiye aliyekiongoza. Aliweka sharti: anayetaka kusema ataje ibara kwanza. Watu walicheka, kisha wakaanza kupekua.

Hapo ndipo yule katibu wa jumuiya, mwanafunzi wa ualimu, alipouliza swali ambalo makada wote hawakuwa wameliona. Alikuja na nakala mbili. Katika Katiba ya 1977, Nyongeza ya Kwanza inaorodhesha mambo 22 ya Muungano, yaani yaliyo chini ya serikali ya Muungano kwa Bara na Zanzibar. Elimu ya juu imo. Baraza la Mitihani la Taifa limo. Rasimu ilikuwa imeyapunguza mambo hayo hadi saba: Katiba na mamlaka ya Jamhuri ya Muungano, ulinzi na usalama, uraia na uhamiaji, sarafu na Benki Kuu, mambo ya nje, usajili wa vyama vya siasa, na ushuru wa bidhaa pamoja na mapato yasiyo ya kodi yatokanayo na mambo ya Muungano. Elimu ya juu haimo. Basi yeye, Mzanzibari anayesoma Bara kwa mkopo wa Bodi ya Muungano, siku Katiba hiyo ikianza kutumika atadaiwa na nani? Ataendelea kulipiwa na nani mwaka wake wa tatu? Mtu wa Bara aliyeko Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar atalipa ada ya mwenyeji au ya mgeni? Na Tume ya Vyuo Vikuu, inayosimamia vyuo vya pande zote mbili, itakuwa ya serikali ipi kati ya tatu?

Wa serikali mbili walifurahi, wakidhani wamepata mtu wao. Haikuwa hivyo. Kijana yule alikuwa akiitaka serikali ya tatu, na pengine alitaka zaidi ya hapo. Alichodai ni masharti ya mpito yaliyoandikwa wazi, ili mwanafunzi aliyeko masomoni asigeuke mzigo usio na mwenyewe. Kuanzia hapo mjadala ukabadilika. Mmoja wa wanaotaka serikali tatu alisema Zanzibar tayari ina bodi yake, kwa hiyo kinachoogopwa kimeshaanza kutokea na dunia haijaisha. Mwingine wa serikali mbili akamjibu kwamba bodi hiyo haina uwezo wa kubeba wote, na kwamba kuwa na bodi mbili ndani ya mfumo mmoja si sawa na kuwa na bodi mbili za nchi washirika. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanasikilizana.

Mambo mengine yakafuata. Mwanafunzi wa sheria alionyesha kwamba Katiba ya 1977 inaitaja elimu katika ibara ya 11, lakini ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo ya taifa, na ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama. Yaani mwanafunzi aliyenyimwa mkopo hawezi kwenda kortini na ibara ya 11 mkononi. Rasimu ilikuwa imeipeleka elimu kwenye sura ya haki. MaCR, ambao mpaka hapo walikuwa wamekuja kuuliza bumu litatoka lini, wakaamka.

Suala la mgombea huru, yaani asiye na chama, lilizua kicheko. Tarehe 14 Juni 2013, siku chache tu baada ya Rasimu kuzinduliwa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliyoko Arusha ilitoa hukumu katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba Tanzania imekiuka haki kwa kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama. Rasimu nayo iliruhusu mgombea huru. Mbunge mmoja wa wanafunzi alisimama kupinga, akisema mtu asiye na chama hana nidhamu wala wa kumwajibisha. Akaulizwa yeye aligombea kiti chake kwa chama gani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na mgumu kuliko yote, ulikuwa kutotoa tamko. Rais aliukubali baada ya kikao cha darasani, si kwa sababu alibadili msimamo, bali aliona kwamba swali la elimu ya juu lingemuumbua mbele ya waandishi kama lingeulizwa na yeye hana jibu.

Wakaamua pia muundo wa Muungano ujadiliwe mwisho, na ujadiliwe kupitia orodha ya mambo ya Muungano tu. Mtu angeweza kusema anataka serikali ngapi, lakini alitakiwa aseme elimu ya juu, mitihani na mikopo vitakaa wapi katika hizo serikali zake. Pendekezo hili lilikuwa la Makamu.

Kuhusu kura, walivutana. Wenye wingi walitaka ipigwe na msimamo mmoja uandikwe. Spika alishikilia kwamba kura ingehesabu makada waliohudhuria, isingehesabu wanafunzi. Mwishowe walikubaliana waraka uwe na safu mbili kila palipo na mgawanyiko: hoja ya upande huu na hoja ya upande ule, kila upande ukiandika yake kwa maneno yake. Pale walipokubaliana, kama elimu kuwa haki inayodaiwa mahakamani, waliandika msimamo mmoja. Hata kwenye pendekezo la Rasimu la kila jimbo kuwa na mbunge mwanamke na mbunge mwanamume hawakukubaliana, na Makamu ndiye aliyesimamia safu zote mbili ziandikwe kwa haki, ingawa mwenyewe alikuwa na upande.

Mwanasiasa mmoja wa mkoani alijitolea kulipia ukumbi, chakula na nauli ya kupeleka waraka Dar es Salaam. Waziri wa Fedha wa wanafunzi alitaka wapokee, kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu na hilo lilikuwa kweli. Walikataa kwa kura chache. Sababu iliyoshinda haikuwa ya uadilifu hasa: upande wa pili ulitishia kutafuta mwanasiasa wake.

Wakabishana pia juu ya nani anatia saini. Rais alitaka iandikwe “wanafunzi wa chuo”. Ikaandikwa “viongozi wa serikali ya wanafunzi, baada ya kusikiliza maoni ya madarasa yafuatayo”, na madarasa yakatajwa.

Orodha hiyo ya madarasa ilikuwa fupi kuliko walivyotarajia. MaCR walipewa karatasi yenye maswali machache wakajadiliane na wenzao. Lakini Juni ni mitihani ya mwisho wa muhula, na ikiisha watu hutawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo. Karatasi nyingi hazikurudi. Nyingine zilirudi zimejazwa zote kwa mwandiko mmoja, majibu yakifanana mpaka makosa ya tahajia. Spika na Katibu waliziondoa, na CR mmoja hakuwasamehe kwa hilo.

Matokeo

Waraka ulipelekwa Tume ndani ya muda, ukiwa umeandikwa na watu wachache waliobaki mjini Agosti: Spika, Makamu, Katibu na yule mwanafunzi wa ualimu aliyeahirisha kurudi Unguja. Rasimu ya pili ilikabidhiwa kwa marais wa Muungano na Zanzibar tarehe 30 Desemba 2013. Serikali tatu zilibaki. Mambo ya Muungano yalibaki saba, na elimu ya juu ilibaki nje.

Kisha ikaja nafasi ya Bunge Maalum. Sheria ilitenga wajumbe 201 kutoka makundi mbalimbali, 20 kati yao wa taasisi za elimu, wateuliwe kutokana na majina ambayo makundi yangependekeza. Hapa utaratibu wote wa Juni ulisahaulika. Rais wa wanafunzi alijipendekeza mwenyewe kupitia mtandao wake, Bunge la wanafunzi likasikia mitaani. Hakuteuliwa, lakini ugomvi uliotokana na hilo ulichukua muhula mzima, na hakuna kikao kingine cha Katiba kilichofanyika.

Yaliyotokea Dodoma yanajulikana. Bunge Maalum lilianza Februari 2014, wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka Aprili, na Katiba Inayopendekezwa, yenye serikali mbili, ikapitishwa 2 Oktoba bila wao. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika.

Ndani ya chuo, hata hivyo, jambo moja lilitokea ambalo halikupangwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwenye kikao cha darasa lake, aliuliza kwa nini viongozi wanataka madaraka ya Rais wa nchi yapunguzwe wakati katiba ya serikali ya wanafunzi inamruhusu Rais wao kuteua Waziri Mkuu na mawaziri wote bila kuthibitishwa na mtu. Swali lilizunguka kwenye Facebook wakati wa likizo. Uongozi uliofuata ulipeleka marekebisho, utawala wa chuo ukayapitisha baada ya kuyapunguza makali, na Waziri Mkuu wa wanafunzi sasa anathibitishwa na Bunge lao.

Mwaka 2022, Kikosi Kazi kilichoongozwa na Profesa Rwekaza Mukandala kilipokuwa kikikusanya maoni, ambacho mwezi Oktoba mwaka huo kilipendekeza mchakato wa Katiba ufufuliwe, viongozi wapya wa chuo hicho walitaka kuandika maoni. Ofisini kwao hapakuwa na karatasi hata moja ya 2013. Walianza upya, na walianza na serikali ngapi.

Uchambuzi

Sharti la kutaja ibara ndilo lililookoa mjadala, na lilifanya kazi kwa sababu isiyotarajiwa. Nilidhani lingewanyamazisha wasiosoma. Liliwapa nafasi watu ambao hawana sauti ya jukwaani: mwanafunzi wa ualimu, mwanafunzi wa sheria, maCR. Kada hodari wa hotuba hakuwa na faida yoyote juu ya mtu aliyefika na nakala mbili. Lakini sharti hilo lina upande mbaya pia. Wanafunzi wa fani zisizogusa sheria walijiona wageni, na wachache waliacha kuja.

Kuanza na orodha ya mambo ya Muungano badala ya idadi ya serikali kulifanya kitu ambacho Bunge Maalum lenyewe lilishindwa kukifanya. Idadi ya serikali ni swali la utii. Ukishalijibu umeshajitambulisha wewe ni wa nani. Elimu ya juu ikae wapi ni swali la kazi, na watu wa vyama viwili wanaweza kukaa meza moja wakalihangaikia. Sisemi kwamba viongozi wa wanafunzi wasiwe na msimamo juu ya muundo. Walikuwa nao, na waraka uliuonyesha. Ninachosema ni kwamba wao walikuwa na jambo ambalo wengine hawakulisemea, na nusura walipoteze kwa kurudia yanayosemwa na kila mtu.

Safu mbili zilikuwa uamuzi mzuri kwa amani ya chuo, na dhaifu kwa kazi iliyokusudiwa. Tume iliyopokea maoni kutoka nchi nzima ingefanya nini na waraka unaosema wengine wanasema hivi na wengine vile? Mahali wenyewe walipokuwa na nguvu ni kwenye masharti ya mpito kwa wanafunzi walioko masomoni, ambako pande zote mbili zilikubaliana karibu kabisa. Jambo hilo liliwekwa aya moja, ukurasa wa mwisho. Lingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza, na kwa lugha ya ibara iliyo tayari kuingizwa, si ya malalamiko.

Kalenda iliwashinda, na hapo lawama si yao yote. Rasimu iliyozinduliwa Juni na kutakiwa kujibiwa kabla ya Septemba inawakuta wanafunzi wa vyuo vikuu kwenye mitihani, kisha majumbani na kwenye mafunzo. Walichoweza kufanya, na hawakukifanya, ni kukusanya maoni ya madarasa kabla ya kikao cha ukumbini. Wiki ya kwanza ya Juni wanafunzi walikuwa bado wapo. Wiki hiyo ilikwenda kwenye ugomvi wa tamko.

Kushindwa kukubwa kuliko yote ni kwa Rais kwenye majina ya Bunge Maalum, na siwezi kueleza kushindwa huko kama tamaa ya mtu mmoja tu. Maamuzi yote ya Juni yalikuwa makubaliano ya kikao. Hayakuwahi kuandikwa kama kanuni ya Bunge la wanafunzi kwamba uwakilishi wowote wa nje katika suala la Katiba lazima uidhinishwe. Kwa hiyo jambo lilipohama kutoka maoni hadi cheo, hapakuwa na cha kumzuia.

Na muhula ni mwaka mmoja. Mchakato wa Katiba wa 2011 hadi 2015 ulipita mikononi mwa viongozi wa awamu kadhaa, kila awamu ikikabidhi funguo za ofisi, mhuri na madeni ya ukumbi. Katika fomu ya makabidhiano ya chuo hiki, ambayo nimeiona, hakuna mstari wa nyaraka za mijadala ya kitaifa. Nakala pekee ya waraka wa 2013 ninayoijua iko kwa Spika wa wakati ule, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, na aliitoa kwa viongozi wa 2022 baada ya wao kuwa wameshapeleka maoni yao.